Juu Pagumu, Chini Laini: Jinsi Mwanga Unavyoamua Uimara wa Kijazio cha Jino

Mtu aliyewahi kuzibwa jino kwa kijazio cheupe anaifahamu taa ile ya buluu. Daktari wa meno anaweka nyenzo laini ndani ya tundu, anaisawazisha, anasogeza mdomo wa taa, kifaa kinalia baada ya sekunde kadhaa, na ile nyenzo imekuwa ngumu kiasi cha kutafunia. Inaonekana ni hatua nyepesi kuliko zote. Kumbe ndani ya sekunde hizo ndimo kijazio kinapopata nguvu yake au kuikosa, na ubaya wa makosa ya hatua hii ni kwamba hayaonekani. Uso wa juu huganda karibu kila mara, hata taa ikiwa dhaifu. Daktari akiugusa kwa chombo chenye ncha anakutana na ugumu, anaridhika, anaendelea. Milimita chache chini yake, kwenye sakafu ya tundu, nyenzo inaweza kuwa bado laini, na hakuna jicho linalofika huko.

Amalgamu, ile ya zebaki iliyochanganywa na unga wa fedha, bati na shaba, haikuwa na shida hii. Inaganda yenyewe, iwe mwangani au gizani. Lakini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, uliziweka nchi katika njia ya kupunguza amalgamu, na Umoja wa Ulaya umeizuia tangu Januari 2025 isipokuwa pale hali ya mgonjwa inapoilazimu. Kadiri amalgamu inavyoondoka, ndivyo meno mengi zaidi yanavyojazwa kompositi, yaani kile kijazio cheupe, na kompositi nyingi hutegemea taa. Ndiyo maana naona suala hili linastahili kueleweka na watu wengi, wakiwemo wale wanaokaa kwenye kiti wakiwa wamefumbua mdomo.

Hoja ninayotaka kuitetea ni hii: mwanga katika kazi hii ni dozi. Dozi inayohesabika ni ile inayofika chini kabisa ya tundu, wala si ile iliyoandikwa kwenye boksi la taa. Kati ya namba hizo mbili kuna mambo mengi, na mengi kati yake yamo mikononi mwa anayeishika taa.

Nyenzo inavyogeuka kuwa jiwe

Kompositi ina sehemu mbili kuu. Ya kwanza ni resini, yaani mchanganyiko wa monoma, molekuli ndogo zilizo tayari kuungana. Ya pili ni chembe za kioo au silika zilizosagwa laini sana, ambazo huchukua sehemu kubwa ya uzito wote na kuipa nyenzo uwezo wa kustahimili kutafuna. Monoma iliyofungua njia inaitwa bis-GMA, na inatokana na kazi ya Rafael Bowen nchini Marekani, aliyepata hataza yake mwaka 1962. Kwa kuwa ni nzito mno, huchanganywa na monoma nyepesi zaidi, hasa TEGDMA, au hutumiwa pamoja na nyingine iitwayo UDMA. Miaka michache kabla ya Bowen, mwaka 1955, Michael Buonocore alikuwa ameonyesha kwamba enameli, tabaka gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki hupata vinyweleo vidogo ambamo resini hupenya na kushika. Kazi hizo mbili kwa pamoja ndizo zilizowezesha kijazio kushikamana na jino badala ya kukaa tu ndani yake.

Kompositi za kwanza ziligandishwa kwa kuchanganya nyenzo mbili laini. Ukishachanganya, muda umeanza kuhesabika, na viputo vya hewa vimeingia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 zikaja taa za mwanga wa urujuanimno, zilizomwezesha daktari kuunda kijazio bila haraka kisha kukigandisha pale anapotaka. Mwanga huo haukupenya mbali, na ulikuwa na hatari kwa macho na tishu. Kabla muongo haujaisha, mwanga wa buluu unaoonekana kwa macho ulikuwa umeanza kuchukua nafasi yake, na mpaka leo ndio unaotumika.

Mwanga wenyewe haugandishi kitu. Lazima ndani ya nyenzo kuwe na kemikali inayoumeza na kuugeuza kuwa kichocheo. Katika kompositi nyingi kemikali hiyo ni kamforikwinoni, unga wa manjano unaomeza mwanga vizuri zaidi karibu na urefu wa wimbi wa nanomita 468, yaani katikati ya rangi ya buluu. Ikishaumeza, huingia katika hali ya msisimko, hushirikiana na kemikali msaidizi ya kundi liitwalo amini, iliyowekwa humo kwa kusudi hilo, na hapo huzaliwa radikali huru. Radikali ni molekuli isiyotulia: inaivamia monoma, inafungua bondi yake maradufu (kiungo cha jozi kati ya atomi mbili), monoma hiyo nayo inaivamia ya pili, na mnyororo unarefuka. Kwa kuwa monoma hizi zina ncha mbili za kuungana, minyororo hushikana pembeni na kufanya wavu. Wavu huo ndio ugumu tunaouhisi.

Wavu haukamiliki. Hata katika mazingira mazuri kabisa, kiasi cha asilimia 50 hadi 70 tu ya bondi maradufu ndizo zinazobadilika, kwa sababu nyenzo inapozidi kuwa ngumu molekuli zilizobaki hukosa nafasi ya kusogea na kukutana. Nyingi kati ya zilizobaki huning'inia kwenye wavu kwa ncha moja, na hizo hazina taabu kubwa. Nyingine ziko huru kabisa, na zinaweza kuchuja taratibu kuelekea kwenye mate au kwenye dentini, tabaka la jino lililo chini ya enameli. Mwanga ukipungua, asilimia ile inashuka, na pamoja nayo hushuka ugumu, uwezo wa kustahimili kusagika na nguvu ya gundi inayokishika kijazio kwenye jino. Unywaji wa maji na rangi za vyakula huongezeka. Kijazio kilichogandishwa nusu hakivunjiki siku hiyo hiyo. Kinachakaa mapema, kinabadilika rangi, kinaachia kwenye kingo.

Wapo wanaojifariji kwamba kuganda huendelea hata baada ya taa kuzimwa. Ni kweli, huendelea kwa takriban saa 24, na kasi yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Lakini kinachoendelea ni kile kilichoanzishwa na mwanga. Pale ambapo mwanga haukufika vya kutosha, radikali ni chache na giza haliwezi kuziongeza.

Mwanga unakopotelea

Tuanze na nyenzo yenyewe. Zile chembe za kioo hutawanya mwanga, rangi zilizowekwa ili kijazio kifanane na jino huumeza, na kamforikwinoni iliyo juu huchukua sehemu yake kwanza. Ni jambo lile lile la kuwasha tochi kwenye ukungu: mbele yako panang'aa sana, ila hatua chache mbele hakuna unachokiona. Kila unene unaoongezeka unachukua sehemu ya kile kilichosalia, kwa hiyo nguvu ya mwanga haishuki kwa mstari ulionyooka, bali huporomoka. Hapa ndipo ilipotoka kanuni ya kuweka kompositi kwa tabaka zisizozidi milimita 2, kila moja ikimulikwa kivyake. Rangi za giza na zile zisizopitisha mwanga zinahitaji muda mrefu zaidi au tabaka nyembamba zaidi, jambo ambalo husahaulika kwa urahisi kwa sababu sekunde za taa zimewekwa tayari na kitufe ni kile kile.

Kompositi za kujaza kwa mkupuo, zinazoruhusu tabaka la milimita 4, zimepata nafasi hiyo kwa njia mbili: zimefanywa zipitishe mwanga zaidi, na baadhi zimeongezewa vianzishi vyenye ufanisi mkubwa, kwa mfano kile kiitwacho Ivocerin. Ni hatua nzuri. Hata hivyo mtu anapaswa kujua namba ile ya milimita 4 inapatikanaje. Kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 4049, nyenzo hujazwa kwenye bomba, humulikwa upande mmoja, kisha sehemu iliyobaki laini hukwanguliwa. Urefu wa kilichosalia hugawanywa kwa mbili, na hilo ndilo jibu. Kugawa huko kwa mbili ni kukiri kwamba kile kilichokataa kukwanguliwa si chote kilichoganda ipasavyo. Na bomba lile la maabara humulikwa kutoka karibu kabisa, kwa taa nzima, bila ulimi wala shavu.

Mdomoni mambo ni tofauti. Chukua tundu lililo ubavuni mwa gego, pale linapogusana na jirani yake. Sakafu ya tundu hilo inaweza kuwa milimita 6 hadi 8 kutoka kwenye mdomo wa taa, kwa sababu vilele vya gego huizuia taa isishuke. Taa mbili zinazoonyesha namba sawa zikiwa zimegusana na kipimo zinaweza kutofautiana sana kwa umbali huo: ile yenye mwale uliokusanyika hubaki na sehemu kubwa ya nguvu yake, na ile yenye mwale unaotawanyika hupoteza zaidi ya nusu. Watengenezaji kwa kawaida hutangaza namba ya umbali wa sifuri. Kwa mgonjwa namba hiyo haina maana kubwa, kwa kuwa sakafu ya tundu lake haiko kwenye umbali wa sifuri.

Mahali hapo pa mbali ndipo pia inapowekwa gundi, tabaka jembamba linalounganisha dentini na kompositi. Gundi humulikwa kwanza, tundu likiwa bado tupu, yaani mwanga ukiwa mbali kuliko wakati mwingine wowote wa kazi. Na mara nyingi ndiyo inayopewa sekunde chache kuliko tabaka zote. Mimi ningefanya kinyume: ningeipa gundi ya sakafu ya tundu la ubavuni muda mrefu zaidi kuliko ule wa tabaka la juu. Kingo za chini karibu na fizi ndizo zinazoongoza kwa kuoza upya kando ya kijazio. Sababu ni nyingi, zikiwemo utando wa bakteria na unyevu uliokuwepo wakati wa kuweka kijazio, ila hakuna sababu ya kuziongezea gundi iliyoganda nusu.

Kuna tena suala la pembe. Taa ikiinama, sehemu ya mwanga inapita pembeni, na kilele cha jino au utepe wa chuma unaozungushiwa jino hutupa kivuli hasa pale penye kina. Kwenye gego la nyuma, kwa mtu asiyefumbua mdomo sana, kuinama huko ni vigumu kukuepuka kama kichwa cha taa ni kirefu. Umbo la kifaa ni sehemu ya tiba: kichwa kifupi kinachoweza kulala sambamba na jino kinaweza kushinda taa yenye namba kubwa isiyoingia mdomoni vizuri.

Upana nao una neno lake. Mdomo wa taa nyingi una kipenyo cha milimita 7 au 8, ilhali gego kubwa lina urefu wa milimita 10 hadi 11 kutoka mbele hadi nyuma. Taa ikiwekwa katikati, kingo hazipati kitu. Inabidi kumulika mara mbili, kila upande kivyake. Na kwa kuwa ukali wa mwanga ni nguvu iliyogawanywa kwa eneo, mtengenezaji anaweza kuupandisha kwa kuubana mdomo wa taa tu, bila kuongeza hata chembe ya nguvu. Namba inakuwa nzuri, eneo linalofunikwa linapungua. Zaidi ya hayo, mwale wenyewe si sawa kila mahali. Taa nyingi zina sehemu za katikati zenye mwanga mkali na kingo hafifu, jambo ambalo namba moja ya wastani haiwezi kulieleza.

Taa nne

Kwa miaka mingi taa ya kawaida ilikuwa ya halojeni. Balbu yake hutoa mwanga wa rangi zote na joto jingi, kisha kichujio huacha buluu pekee ipite. Hiyo ina maana kwamba umeme mwingi unapotea kuwa joto, feni hulazimika kuvuma, na balbu, kiakisi na kichujio vyote huchakaa taratibu bila taa kuonekana imefifia machoni. Zikaja taa za plazma, kali sana, zilizoahidi kugandisha kwa sekunde chache, na leza za argoni, zenye mwale uliokusanyika vizuri na bei iliyowakimbiza wengi. Zote mbili zimebaki pembeni.

Zilizoshinda ni za LED. Diodi ya buluu yenye mwanga mkali ilikuwa imekosekana kwa muda mrefu, na waliofanikisha kuipata, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kwa daktari wa meno diodi hiyo ni kama iliyoagizwa: inatoa mwanga katika mkanda mwembamba ulio karibu kabisa na kile kamforikwinoni inachokimeza, haihitaji kichujio, inatumia betri, na hudumu kwa maelfu ya saa. Za kwanza, mwanzoni mwa miaka ya 2000, zilikuwa dhaifu. Zilizofuata zikapata nguvu za kutosha na kuzipita za halojeni.

Lakini wembamba ule wa mkanda ulileta tatizo ambalo halojeni haikuwa nalo. Kamforikwinoni ni ya manjano, kwa hiyo katika kompositi nyeupe sana, hasa za meno yaliyong'arishwa, baadhi ya watengenezaji huipunguza na kuongeza vianzishi vingine visivyo na rangi hiyo, mfano TPO, ambavyo humeza mwanga wa urujuani ulio karibu na nanomita 400 au chini yake. Taa ya LED yenye buluu tupu haikigusi kabisa kianzishi hicho. Jibu lilikuwa taa za LED zenye mikanda miwili au mitatu, buluu pamoja na urujuani. Nazo zina upungufu wake: diodi za rangi tofauti hukaa sehemu tofauti ndani ya kichwa cha taa, kwa hiyo upande mmoja wa jino unaweza kupata urujuani mwingi na upande wa pili kidogo. Tena urujuani hutawanywa zaidi na chembe, kwa hiyo faida yake iko karibu na uso kuliko chini. Anayenunua taa bila kujua kompositi zake zina kianzishi gani ananunua nusu ya habari.

Hesabu ya sekunde

Dozi hupatikana kwa kuzidisha ukali wa mwanga kwa muda. Mfano wa zamani ambao wengi walifundishwa ni miliwati 400 kwa kila sentimita ya mraba kwa sekunde 40, unaotoa jouli 16 kwa sentimita ya mraba. Kwa hesabu hiyo hiyo, taa ya miliwati 1,000 ingetoa jouli 16 kwa sekunde 16, na ya miliwati 3,200 kwa sekunde 5. Ndiyo hoja inayouza taa za sekunde chache: dozi ni ile ile, muda umepungua, mgonjwa hachoki.

Kemia haikubaliani na hesabu hiyo moja kwa moja. Radikali zikizaliwa nyingi kwa mpigo, hukutana zenyewe kwa zenyewe na kuzimana kabla hazijafikia monoma. Vilevile wavu hufunga haraka na kuzizuia molekuli zilizobaki zisisogee. Ndiyo maana dozi iliyo sawa kwenye karatasi inaweza kuleta kuganda kusiko sawa, na tofauti hutegemea uzito wa nyenzo na kianzishi chake. Kompositi zenye majimaji zaidi huathirika kwa namna moja, zile nzito kwa namna nyingine. Zipo chache zilizobuniwa mahsusi kumulikwa kwa sekunde 3, na kwa hizo maelezo ya mtengenezaji yafuatwe. Kuichukua kanuni hiyo na kuihamishia kwenye kompositi ya kawaida ni kubahatisha kwa jino la mtu.

Kuna sababu nyingine ya kuziogopa sekunde chache, na kwangu ndiyo nzito zaidi kwa kuwa haihitaji maabara. Mkono ukiteleza kwa sekunde 1 katika sekunde 20, umepoteza asilimia 5 ya dozi. Ukiteleza kwa sekunde hiyo hiyo katika sekunde 3, umepoteza theluthi. Mgonjwa anameza mate, ulimi unasukuma, kichwa kinageuka kidogo. Mdomo si mahali pa kutegemea kwamba sekunde 3 zitakuwa kamili.

Kusinyaa, na ahadi ya kuanza polepole

Monoma zinapoungana husogeleana, na nyenzo nzima husinyaa. Kwa kompositi nyingi ni kiasi cha asilimia 2 hadi 3 ya ujazo, baadhi zaidi. Kama nyenzo ingekuwa huru, kusinyaa huko kusingemdhuru mtu. Lakini imegundishwa kwenye kuta za jino, kwa hiyo inapojivuta hupata mkazo, na mkazo hutafuta pa kutokea: gundi inaachia ukingoni, enameli dhaifu inapata ufa, au kuta mbili za gego zinavutwa kuelekeana kwa kiasi kidogo kinachotosha kumfanya mgonjwa asikie maumivu anapouma. Umbo la tundu lina uzito mkubwa hapa. Shimo la juu ya gego lina kuta nne na sakafu, nyuso tano zilizogundishwa dhidi ya moja iliyo wazi, na ule uso mmoja tu ndio wenye uhuru wa kuzama kidogo ili kupunguza mkazo.

Kutokana na hilo lilizaliwa wazo la kuanza na mwanga hafifu kisha kuupandisha. Likiganda polepole, tabaka hubaki katika hali ya kutiririka kwa muda mrefu zaidi, na sehemu ya kusinyaa hutokea kabla wavu haujakaza. Taa nyingi zina kitufe cha namna hiyo: nyingine hupandisha taratibu, nyingine hubadili kwa ghafla kutoka hafifu kwenda kali, na nyingine hutoa mwale mfupi, husubiri dakika kadhaa, kisha humalizia. Maabara imeonyesha mara nyingi kwamba mkazo hupungua. Kwa wagonjwa, tofauti ya maana katika maumivu au uhai wa vijazio haijajitokeza kwa uthabiti. Pia kuna gharama: mwanga hafifu huanzisha minyororo michache iliyo mirefu, yenye mashikano machache ya pembeni, na nyenzo ya namna hiyo hulainika kwa urahisi zaidi ikikutana na viyeyusho kama alkoholi, hata asilimia ya kuganda ikiwa sawa.

Kwa hiyo sioni sababu ya kukikataza kitufe hicho, mradi dozi ya mwisho itimie. Ninachokataa ni kukitegemea kana kwamba kimemaliza suala la kusinyaa. Tabaka zilizolazwa kwa mshazari, kila moja ikigusa kuta chache, na gundi iliyowekwa kwa subira ni kinga ninayoiamini zaidi.

Joto, macho na mkono

Mwanga mkali ni joto pia. Utafiti wa Zach na Cohen wa mwaka 1965 uliofanywa kwa nyani ulionyesha kwamba kiini cha jino, ile sehemu hai ya ndani, kikipanda joto kwa nyuzi 5.5 za Selsiasi, baadhi ya viini havipati nafuu. Namba hiyo imejadiliwa sana, na bado ni onyo linalotumika. Hatari iko zaidi pale tundu linapokaribia kiini na dentini iliyobaki ni nyembamba, ambapo ndipo pia gundi inapohitaji mwanga. Suluhisho halimo katika kupunguza dozi. Mpulizo wa hewa juu ya jino wakati wa kumulika, au kugawa muda katika vipande viwili vyenye pumziko katikati, huleta nafuu bila kuinyima nyenzo haki yake. Fizi, midomo na ulimi navyo huungua kwa taa kali zikikaa juu yake. Kuna waliotoka na vidonda bila kujua vimetoka wapi, kwa kuwa sehemu hiyo ilikuwa imetiwa ganzi.

Mambo madogo ya kutunza kifaa yana uzito kuliko yanavyopewa. Chembe ya kompositi iliyogandia kwenye mdomo wa taa huzuia mwanga kila siku bila kulalamika. Mfuko wa plastiki wa kinga hupunguza nguvu kidogo, na mshono wake ukipita katikati ya mwale hupunguza zaidi. Bomba la nyuzi za kioo linalopitisha mwanga wa taa, likiwa linaingizwa kwenye mtungi wa mvuke wa kuua vijidudu hupata ukungu. Kipima-mwanga cha kliniki si sahihi sana kwa namba zake, lakini ni rafiki mzuri kwa kulinganisha taa ile ile wiki hii na wiki iliyopita. Kwa upande mwingine, taa kubwa ya kiti ina buluu ya kutosha kuanza kuigandisha kompositi kabla ya wakati, kwa hiyo nyenzo iliyo nje ifunikwe.

Lililonigusa kuliko yote ni jambo la macho. Mwanga wa buluu, hasa karibu na nanomita 440, unaweza kudhuru retina, na ndiyo sababu wengi hugeuza uso kifaa kinapowaka. Kugeuza uso ni kuacha taa ijielekeze yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, Richard Price na wenzake walitengeneza kichwa cha mfano chenye vihisi ndani ya meno, kinachoonyesha ni jouli ngapi hasa zimeingia tunduni. Taa ikiwa ile ile, muda ule ule na jino lile lile, watu tofauti walifikisha dozi zilizoachana sana. Wakielekezwa jinsi ya kuutuliza mkono, kuusimamisha mwale wima juu ya tundu na kuutazama kupitia miwani ya rangi ya chungwa inayoimeza buluu, dozi hupanda bila kununua chochote zaidi ya miwani.

Kwa upande wa mgonjwa, yapo machache yanayosaidia. Akifumbua mdomo vya kutosha na kutulia mpaka taa izimike, mwanga unafika. Kama anachoka, ainue mkono kabla taa haijawashwa, si katikati. Maumivu mafupi ya baridi katika siku za mwanzo hutokea hata kwa kazi nzuri, na mara nyingi hutulia. Yakiendelea kwa wiki kadhaa, au kuuma chakula kukiwa na mchomo mkali, arudi akaangaliwe: huenda kijazio kiko juu kidogo na kinahitaji kusawazishwa tu, huenda gundi imeachia, na daktari anaweza kutofautisha hayo kwa kuchunguza ukingo na namna meno yanavyokutana.